Mipaka binafsi: maana yake, na jinsi mnasihi anavyokusaidia kuiweka

Mpaka binafsi ni uamuzi wa mtu kuhusu anachokubali na asichokubali katika muda wake, fedha zake, mwili wake na siri zake, pamoja na hatua atakayoichukua yeye mwenyewe pale uamuzi huo usipoheshimiwa. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika, na ndiyo inayobeba uzito. "Tafadhali usinipigie usiku" ni ombi. "Baada ya saa tatu usiku sipokei simu, kukiwa na mgonjwa, niandikie ujumbe" ni mpaka, kwa sababu utekelezaji wake uko mikononi mwa aliyeusema. Hasubiri mwenzake abadilike ndipo apate usingizi.

Kwa hiyo mume anayemwambia mkewe "sitaki uwe na marafiki, huo ndio mpaka wangu" hajaweka mpaka wowote. Ametoa amri juu ya maisha ya mtu mwingine. Kununa wiki nzima nako si mpaka, maana anayenuniwa anaachwa akibahatisha kosa lake. Nalisema hili mapema kwa sababu neno hili limeenea sana mitandaoni, na watu wanaopenda kuwatawala wenzao wamelidaka haraka kuliko wale wanaolihitaji.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Wazungu, sisi ni watu wa udugu. Sikubaliani nao. Pwani mtu hapiti mlangoni bila hodi, na asipoitikiwa haingii. Qurani, katika Surat An-Nur aya ya 27 na 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao bila ruhusa, na wakiambiwa warudi, warudi. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo inawataka hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya isha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hapo ukarimu umewekewa kiasi, na mgeni hajafukuzwa.

Kilichobadilika ni mwenye kazi ya kuulinda mpaka. Zamani mila iliwasemea watu. Ilijulikana nani anamtania nani, nani hakai karibu na mkwewe, nani anapeleka maneno mazito kwa mjomba. Mtu mmojammoja hakulazimika kujitetea kila siku. Sasa fikiria fedha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, umbali haumlindi tena mwenye mshahara. Ndugu aliye kijijini hahitaji nauli wala barua. Anapiga simu tarehe mshahara unapoingia, na anataraji utume pamoja na ya kutolea. Hakuna mila ya wazee inayosema ujumbe wa namna hiyo ujibiweje unapofika mara tano kwa siku. Kila mtu ameachiwa ajitafutie jibu peke yake.

Chukua mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa kwanza, mwenye wadogo wanaosoma. Anaombwa ada, dawa za shangazi, mchango wa harusi ya mtoto wa jirani. Kila anayemwomba anamjibu, "Nitaangalia." Kwa adabu yetu neno hilo mara nyingi ni kukataa, lakini linaacha mlango wazi, na jioni mwombaji anapiga tena. Mwalimu anakopa kwa simu ili atume. Mwezi unaofuata anazima simu kabisa. Siku moja anamfokea mdogo wake kwa sababu ya daftari, na ukoo unaanza kusema amebadilika tangu apate kazi. Hakuna aliyedanganywa kwa makusudi hapo, ila hakuna pia anayejua mwalimu anaweza kutoa kiasi gani, hata yeye mwenyewe.

Watu wengi hudhani wanachokosa ni maneno ya kusema. Maneno ni rahisi. Mwalimu huyu anaweza kufundishwa kwa dakika tano kusema, "Shangazi, shikamoo. Mwezi huu nimetenga elfu thelathini kwa ajili ya dawa, nitaituma tarehe tano. Zaidi ya hapo sina." Kinachomshinda ni kile kinachotokea kifuani baada ya kukata simu: moyo kwenda mbio, aibu, hofu ya kulaaniwa. Ndiyo sababu tiba ya mazungumzo inafaa hapa kuliko ushauri wa juujuu. Mnasihi, au mwanasaikolojia, hampi mtu ruhusa ya kukataa. Anamsaidia kuelewa kwa nini kukataa kunamtisha kiasi hicho, kisha anakaa naye wakati anajifunza kuustahimili mtikisiko huo.

Kazi mara nyingi huanza na uchunguzi wa hasira. Mnasihi huuliza: ni simu ya nani ikilia unakunja uso? Ni kwa nani ulisema ndiyo, kisha ukalalamika wiki nzima? Kinyongo kinachojirudia mahali palepale ni alama nzuri kwamba mpaka haupo hapo. Wengine huchora mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu, njia iliyokuzwa na Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Georgetown. Kwenye mchoro huo mwalimu anaweza kuona kwamba bibi yake alibeba kila mtu, mama yake akambeba kila mtu, na aliyewahi kukataa alitengwa. Bowen aliamini kwamba ukomavu wa mtu ni kuweza kubaki karibu na ndugu zake huku akishika msimamo wake, bila kumezwa na bila kukimbia. Napenda wazo hilo kwa sababu halimtaki mtu aukane ukoo ili apone.

Baada ya hapo huja mawazo yenyewe. Katika tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliianzisha miaka ya 1960, wazo linachukuliwa kama dai linalohitaji ushahidi. "Nikikataa, mimi ni mtoto mbaya." Ushahidi uko wapi? Mara ya mwisho ulipokosa kutuma, shangazi alifanya nini hasa? Je, kaka yako akisema hana, naye ni mbaya? Kwa wanawake wa kwetu swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, maana binti hufunzwa kuwahudumia wote na kaka yake huachiwa apumzike.

Kisha yanafuata mazoezi. Mnasihi anakuwa shangazi, mteja anakuwa mteja, na mazungumzo yanarudiwa hadi sauti isitetemeke. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambaye alichapisha mwongozo wa tiba yake mwaka 1993, aliyapanga mazungumzo ya namna hii kwa hatua: eleza hali ilivyo bila kulaumu, sema unavyojisikia, taja waziwazi unachotaka au unachokataa, onyesha faida yake kwa wote wawili, mwenzako akikuvuta pembeni, rudia hoja yako kwa utulivu, na uwe tayari kujadiliana. Kwetu ningeongeza kwamba salamu isikatwe na heshima isipunguzwe. Anayemwamkia mkubwa vizuri na kuuliza hali ya nyumbani kabla ya kutaja kiasi chake husikilizwa zaidi ya anayeanza na hapana. Na kuna ujumbe usiofaa kupelekwa uso kwa uso. Mtu wa kati, kama mjomba au shemeji anayeaminika, bado ana nafasi yake hata kwa mtu anayehudhuria tiba.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mpaka mpya kwanza huleta hali mbaya zaidi. Wanasaikolojia wa tabia wanalifahamu hili vizuri: tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikoma, inaweza kuongezeka nguvu kwa muda kabla ya kupungua. Simu zitakuwa nyingi, mama atalia, kikundi cha WhatsApp cha familia kitakuwa na vijembe. Mwalimu akikubali katika kilele cha shinikizo hilo, amewafundisha ndugu zake kwamba wakisukuma sana atalegea. Ndiyo maana mnasihi mzuri hushauri kuanza na jambo dogo, ambalo una uhakika utalishikilia, kabla ya kufika kwa mama mkwe.

Chumba cha tiba chenyewe kinafundisha. Kikao kina muda wake, mara nyingi kama saa moja, na muda ukiisha kinaisha. Mnasihi anatunza siri, ila anakuambia tangu mwanzo kwamba maisha ya mtu yakiwa hatarini atalazimika kusema. Hakukopeshi, hawi rafiki yako wa kwenda naye harusini. Kwa watu waliokulia mahali ambapo kupendwa ni kupatikana saa zote, huyu huwa mtu wa kwanza wanayemwona akijali kwa dhati na bado ana kikomo.

Kuna hatari ya upande wa pili. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyetibu familia nchini Marekani, alieleza familia ambazo mipaka yake imefifia hadi kila mmoja anaishi maisha ya mwenzake, na nyingine ambazo mipaka imekuwa migumu hadi mtu anaugua chumba cha pili na hakuna anayejua. Alionya pia kwamba ukaribu mkubwa ni mtindo wa kuishi, si ugonjwa kwa lazima. Mnasihi anayesikia kwamba unamsomesha mpwa wako na papo hapo akakuambia ukate, hajakuuliza kama unafanya hivyo kwa furaha.

Palipo na kipigo au vitisho, mambo ni mengine kabisa. Kumwekea mpaka mtu anayekupiga kunaweza kumchochea, na kinachotangulia ni usalama: mtu anayejua hali yako, mahali pa kwenda, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi Tanzania, au simu ya bure 1195 nchini Kenya.

Kwa asiye katika hatari hiyo, huduma hii hutolewa katika hospitali kubwa zenye idara ya afya ya akili, na pia kwa wanasihi binafsi. Siku ya kwanza muulize amesomea wapi, anatunzaje siri zako, na kama amewahi kufanya kazi na watu wanaotegemewa na ukoo. Muulize pia atafanya nini ikiwa mama yako atataka kuja kukaa kwenye kikao.