“Falsafa si ni maoni tu?” na mengine ninayoyasikia kila muhula

Mwezi uliopita imetokea tena. Mwombaji wa shahada ya uzamili, makini, alama zake nzuri, ameketi mbele yangu na kusema: “Nimechagua falsafa kwa sababu huku hakuna kukosea, kila mtu ana maoni yake.” Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kummalizia. Safari hii naiandikia jibu, na nyingine nitazigusa nikiwa njiani.

Chukua swali la zamani la epistemolojia, tawi la falsafa linalochunguza ujuzi: kujua jambo ni nini? Kulikuwa na jibu lililozoeleka, lenye masharti matatu. Uwe unaliamini jambo hilo, liwe la kweli, na uwe na sababu nzuri za kuliamini. Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier akachapisha makala ya kurasa tatu, mifano miwili tu ndani yake, na jibu hilo likapasuka. Mimi hupenda kufundishia mfano wa jamii hiyohiyo ambao Bertrand Russell aliutoa mwaka 1948. Unatazama saa ya ukutani asubuhi, inaonyesha saa nne. Unaamini ni saa nne, na kweli ni saa nne. Kumbe saa hiyo ilisimama jana usiku, saa nne kamili. Masharti yote matatu yametimia. Je, ulijua? Karibu kila ninayemuuliza hujibu hapana, ulibahatisha tu.

Kilichofuata ndicho tunachokiita utafiti. Mwaka 1967 Alvin Goldman alipendekeza kwamba, kwa mambo tunayoyajua kwa kuyaona, imani yako lazima iwe imesababishwa na jambo lenyewe. Saa iliyosimama haikusababishwa na muda wenyewe kuonyesha saa nne, kwa hiyo tatizo likaonekana limekwisha. Mwaka 1976 Goldman huyohuyo akachapisha mfano wa dereva anayepita mahali palipojaa maghala ya uongo, kuta za mbele tu, nyuma hamna kitu. Bila kujua, anakodolea macho ghala pekee la kweli na kusema moyoni, “lile ni ghala.” Ni ghala kweli, na ndilo lililomfanya aamini hivyo. Lakini angetazama hatua chache kushoto au kulia angedanganyika vilevile. Goldman alisita kusema kwamba dereva anajua, na hivyo nadharia aliyoijenga kwa mikono yake ikabaki haitoshi. Akaiacha, akahamia kwenye swali la iwapo njia iliyotuletea imani ni ya kutegemewa.

Mtu mwenye “maoni yake tu” hawezi kuyajaribu na kuyaacha hivyo, kwa sababu maoni ya namna hiyo hayana mahali pa kushikika. Katika semina ukiweka masharti, mwenzako akaleta mfano kinzani, yaani unaoyavunja, ukamjibu “mimi ndivyo ninavyoona,” basi umeshakubali kwamba umeshindwa, ila hujatangaza.

Wapo wanaobishia hapohapo kwamba, hata kama ni hoja, falsafa haina data. Mwaka 2003 mwanafalsafa Joshua Knobe aliwasimulia watu katika bustani moja ya Manhattan kisa cha mwenyekiti wa kampuni. Anaambiwa mradi mpya utaongeza faida na utaharibu mazingira. Anajibu kwamba mazingira hayamhusu, anataka faida, uanze. Asilimia 82 walisema ameyaharibu kwa makusudi. Wengine wakasimuliwa kisa kilekile, ila mradi unayasaidia mazingira. Asilimia 77 wakasema hakuyasaidia kwa makusudi. Mwenyekiti ni yuleyule na kutojali ni kulekule. Wanaochunguza dhana ya kusudi wanaendelea kubishania matokeo hayo. Mimi data hizi nazipenda, mradi mtu asidhani kura ya wapita njia ndiyo jibu.

Dhana ya pili kwa kunichosha: falsafa ya Kiafrika ni mkusanyo wa methali na mila. Mwanafunzi analeta methali arobaini na kichwa cha tasnifu, hoja haimo. Eneo hili limejengwa kwa mabishano makali. Mwaka 1969 John Mbiti alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kudai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Darasani lazima atokee wa kuniambia, “Mwalimu, mbona tuna mtondo na mtondogoo?” Ni jaribio zuri, ila linapiga pembeni: siku zijazo za karibu kama hizo Mbiti aliziweka ndani ya sasa. Anayetaka kumwangusha atafute kwingine, na wapo waliotafuta. Paulin Hountondji alishambulia wazo zima kwamba kabila linaweza kuwa na falsafa moja ambayo kila mtu anaishikilia bila kuihoji. Henry Odera Oruka akaenda kuwahoji wazee wenye hekima nchini Kenya, akitofautisha mzee anayeyarudia ya jamii yake na mzee anayeyapima na kuyakataa akiona sababu.

Mantiki ni ufundi wa kushinda ubishi? Fungua kazi ya mwanamantiki Kurt Gödel ya mwaka 1931 uone kama utapata ubishi. Utakuta thibitisho la kihisabati, na usipojiandaa hutamaliza ukurasa wa pili.

Maadili ni mahubiri? Msimamizi hatakuuliza kama uongo ni mbaya. Atakuuliza neno “mbaya” linataja nini, na kama halitaji kitu, tunabishania nini.

Na lile la kuchagua eneo kama anayechagua timu: “Mimi ni mtu wa metafizikia.” Orodha ya maeneo kwenye ukurasa wa idara inakuonyesha nani anaweza kukusimamia, basi. Swali kama “je, mashine inaweza kujua jambo?” lipo epistemolojia, lipo falsafa ya akili, na halijali umejaza nini kwenye fomu. Ninachowaomba waombaji ni kile kile kila mwaka, na wananichukia kwa hilo: sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni, na makala moja ya mtu mwenye akili ambaye hakubaliani nawe.

Yule mwombaji nilimpa zile kurasa tatu aende nazo. Juzi amerudi na sharti la nne la kwake mwenyewe. Halikudumu dakika kumi, na sasa tunaliandika upya pendekezo lake la utafiti.