Clark Ashton Smith hakufunzwa na Lovecraft

Juzi nimeletewa utangulizi mwingine wa kuhariri. Sentensi yake ya kwanza inasema Clark Ashton Smith, mshairi na mwandishi wa fantasia wa Marekani, alikuwa "mmoja wa wanafunzi wa H. P. Lovecraft", yule Mmarekani mwenzake wa hadithi za kutisha. Nimeshachoka kuihesabu kauli hii. Nimeikuta kwenye majalada ya vitabu, nimeisikia kwenye mihadhara, nimeisoma hata kwenye tasnifu ya mtu aliyekuwa amemsoma Smith hadithi kwa hadithi. Kazi yangu ni kutafsiri fantasia iliyotoka kwenye majarida ya miaka ya 1930, na katika kazi hiyo hakuna linaloniudhi kama hili.

Nianze na miaka, upesi, maana haina ubishi. Smith alizaliwa California mwaka 1893. Diwani yake ya kwanza, The Star-Treader and Other Poems, ilitoka San Francisco mwaka 1912, mwenyewe ana miaka 19, na magazeti ya huko yakamfananisha na Keats, mshairi wa Kiingereza. Wakati huo Lovecraft hajachapisha hadithi hata moja. Agosti 1922 Lovecraft, akiwa Cleveland, alionyeshwa mashairi na michoro ya Smith. Vikamgusa mno, akashika kalamu kumwandikia mtu asiyemjua. Barua ile ya kwanza ni ya msomaji anayemsifu mshairi. Wakaandikiana hadi Lovecraft alipofariki mwaka 1937, na katika miaka yote hiyo hawakuonana hata siku moja.

Anayetaka mwalimu, mwalimu yupo: George Sterling, mshairi wa California. Smith alilisoma shairi lake "A Wine of Wizardry" akiwa bado kijana mdogo, akaona kumbe ubeti unaweza kujazwa vito, sumu, mazimwi na machweo, na mshairi asimwombe mtu radhi. Sterling ndiye aliyezipitia tungo zake na kumfikisha kwa mchapishaji. Nyuma ya Sterling yuko Edgar Allan Poe, mshairi na mwandishi wa hadithi za kutisha wa Marekani. Nyuma zaidi iko Alfu Lela Ulela aliyoisoma utotoni, na pembeni yake Vathek, riwaya ya William Beckford, ambayo ilimkaa rohoni kiasi kwamba alikuja kuimalizia sehemu yake moja iliyoachwa njiani. Baudelaire, mshairi wa Kifaransa, je? Smith, ambaye elimu yake rasmi iliishia shule ya msingi, alijifundisha Kifaransa peke yake, kisha akayatafsiri mashairi ya bwana huyo kwa wingi. Lovecraft hana nafasi ya ualimu katika safu hii.

Sasa Tsathoggua, mungu wa kubuni anayetokea katika hadithi za wote wawili. Hapa ndipo subira inaponiishia, na naomba msomaji anivumilie, maana kosa lote limezaliwa hapa.

Mwishoni mwa 1929 Smith alimaliza hadithi yake "The Tale of Satampra Zeiros". Wezi wawili wanaingia hekalu la Commoriom, mji mkuu wa Hyperborea, nchi ya kubuni ya Smith, uliohamwa na watu wake zamani. Ndani wanakuta sanamu ya mungu mwenye kitambi, kichwa kama cha chura, mwili wa manyoya mafupi yanayokumbusha popo, kope zimemlegea kwa usingizi. Huyo ndiye Tsathoggua, naye ametoka kichwani mwa Smith. Smith akampelekea rafiki yake mswada. Lovecraft akafurahi mno, na alipoandika "The Whisperer in Darkness" mwaka 1930 akamtia Tsathoggua humo. Hakuiba kitu. Hiyo ilikuwa desturi yao, kama majirani wanaoazimana jembe.

Lakini Farnsworth Wright, mhariri wa jarida la Weird Tales, alikuwa ameikataa hadithi ya Smith mara ya kwanza. Alipokuja kubadili nia, ya Lovecraft ilikuwa imemtangulia: ya Lovecraft ilitoka toleo la Agosti 1931, ya Smith ikatoka Novemba. Miezi mitatu! Msomaji aliyenunua jarida kila mwezi alimkuta Tsathoggua kwa Lovecraft kwanza, na alipomwona tena kwa Smith akadhani Smith ndiye mwazimaji. Ratiba ya mhariri mmoja ikageuzwa kuwa nasaba ya fasihi, na wahakiki wanairithi bila kuuliza.

Jibu limo ndani ya hadithi yenyewe ya Lovecraft. Anazitaja simulizi za Commoriom, na anasema zilihifadhiwa na kuhani mkuu wa Atlantis aitwaye Klarkash-Ton. Litamke jina hilo kwa sauti. Clark Ashton! Mwenye kuazima kaandika jina la mwenye mali mle mle kwenye hadithi, na bado tunamwita mwenye mali mwanafunzi.

Sikatai kwamba mkopo ulikwenda pande zote mbili. Kwenye "The Return of the Sorcerer", ya mwaka huohuo wa 1931, Smith anatumia Necronomicon, na hicho ni kitabu cha uchawi alichokibuni Lovecraft. Ila ladha zao hazikaribiani. Lovecraft anataka uamini: anakupa msomi, barua, ramani, halafu hofu. Smith hajali uamini nini kuhusu dunia hii. Zothique, alikoweka hadithi zake nyingi, ni bara la mwisho la dunia, jua limefifia, uchawi umerudi, na watu wanakufa wakiwa bado wanatamani mvinyo na wapenzi wao. Tamaa ya mwili imejaa kwa Smith, wakati kwa Lovecraft unaitafuta usiione.

Halafu kuna maneno. Smith aliisoma kamusi kubwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, pamoja na asili ya kila neno. Alimweleza Lovecraft katika barua kwamba nia yake ni kumfanya msomaji akubali lisilowezekana kwa uchawi wa maneno, kwa mahadhi na sitiari, mfano wa mganga anayenuiza. Ukimtafsiri ndipo unapolijua hilo. Ukichukua neno lake adimu ukaweka la kila siku, maana inabaki na hadithi inakufa, kwa kuwa mnuizo umekatika. Mimi hutamka sentensi nzima kwanza, nikishapata mwendo wake ndipo natafuta maneno.

Hata hivyo zipo kurasa ambazo naamini neno adimu liliwekwa kwa sababu tu lilikuwa zuri. Wright alilalamika kuwa ushairi unaizidi hadithi, na wapenzi wa Smith humlaani kwa hilo. Kuna hadithi mbili tatu ambazo, nikiwa mkweli, namwona Wright ana hoja.

Na kuacha kwake kuandika? Hadithi zake zinapita 100, na nyingi aliziandika katika miaka michache kuanzia 1929, akiwauguza wazazi wake kwenye kibanda kisicho na maji ya bomba nje ya mji wa Auburn. Mama alifariki 1935, baba 1937. Wanaomwita mwanafunzi husema kalamu ilikauka mwalimu alipokufa, ilhali kasi ilikuwa imeshapungua kabla ya hapo, na tangu 1935 alikuwa amehamia kuchonga vinyago kwenye mawe laini. Mimi niliwahi kuandika kwamba aliacha kwa sababu wa kutibiwa hawakuwepo tena, basi fedha haikuwa na haraka. Siku hizi nasita. Mtu aliyechonga nyuso za miungu yake kwenye mawe kwa miaka, na mashairi akaendelea kuyatunga, huenda alikuwa amebadilisha chombo tu.

Kwenye ule utangulizi nimefuta "mmoja wa wanafunzi" nikaandika "rafiki wa kalamu", na pembeni nimeweka tarehe mbili: 1912 na Agosti 1922. Neno likirudishwa, nitalifuta tena.