Nafasi ya chuo duniani haipimi uzamivu wa uhandisi

Hapa Nairobi, anayetafuta pa kusomea uzamivu wa uhandisi huambiwa kwanza atazame chuo kimeshika nafasi ya ngapi duniani. Ushauri huo umezoeleka, lakini nafasi hiyo hupima mambo mengine.

Chukua orodha ya Shanghai ya vyuo bora duniani, iliyoanza kutolewa 2003. Katika orodha yake kuu, asilimia 30 ya alama hutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo ya hisabati) za wahitimu na wahadhiri. Uhandisi hauna Nobel yake. Chuo kinaweza kubebwa na mwanafizikia aliyehitimu zamani, huku mashine za maabara ya umeme zikiwa zimefunikwa turubai.

Idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ni ya lazima, ila hicho ni kiwango cha chini tu.

Badala ya nafasi, anza na tasnifu zenyewe za uzamivu; Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, huziweka kwenye hazina yake mtandaoni. Fungua za karibuni kutoka idara unayoitaka. Ukurasa wa shukrani mara nyingi hutaja aliyefadhili utafiti. Sura ya mbinu huonyesha kama vipimo vilifanywa hapo chuoni au sampuli zilipelekwa ng'ambo. Kuzipeleka si aibu, ila hula miezi na pesa, na mara nyingi pesa ni zako.

Kisha waulize wanafunzi walioko, si mkuu wa idara: msimamizi akipewa sura, huirudisha baada ya muda gani? Na waliokwama, walikwamia wapi?