Silinda nne si tusi

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, watu wakiikataa injini mpya ya dizeli ya Land Cruiser: "Fundi, hiyo mpya ni silinda 4, cc 2800, italala Serengeti. Nitafutie 1HZ." Wa tatu ni mzee mmoja wa magari ya watalii, namheshimu, nikamjibu kwa upole. Upole umeisha, sasa naandika.

1HZ, ile dizeli ya zamani ya Land Cruiser, ipo tangu 1990. Cc 4164, silinda 6, haina turbo. Imenilisha miaka yote hapa Unga Limited, Arusha, siwezi kuisema vibaya. Lakini kudumu ni jambo moja na kuvuta ni jingine. 1HZ inatoa torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 285. Ile mpya, 1GD, inayokuja kwenye mkonga (Land Cruiser ya porini) mpya wenye gia otomatiki inatoa 500, tena kuanzia raundi 1,600 tu kwa dakika. Silinda 2 mnazozililia, kazi yake inafanywa na turbo.

Na hapa kwenye hewa ndipo mnaponichosha. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, basi. Kila ukipanda mita 1,000 nguvu inapungua kama asilimia 10. Ukingo wa Ngorongoro uko mita 2,300 hivi. Hosipawa zako 129 ukifika kule zimebaki kama mia moja, na humo ndani kuna wageni 6, mabegi, friji, tairi 2 za akiba na lile paa la kufunguka. Ndiyo maana ukitoka Mto wa Mbu kwenda Karatu unapanda na gia ya pili, moshi mweusi nyuma, halafu unamgombeza dereva! Turbo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, mlima hauisumbui kiasi hicho.

"Basi ifungie turbo hiyo hiyo 1HZ." Nafunga, pesa ni yako. Mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1, yaani tayari inaibana hewa sana, haikuundwa kwa joto la turbo. Hedi ikipasuka tusinuniane.

Haya, na mimi nina malalamiko yangu kuhusu 1GD. Kushuka Seneto, ile barabara ya kuingia kreta ya Ngorongoro, 1HZ inalishika gari kwa injini vizuri zaidi, miguu yangu inajua. Nozeli za 1GD, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, hazitaki utani: dizeli ya kwenye madumu ikiwa na maji, 1HZ itakohoa na kuendelea, hii itakutoa jasho na bei yake. Na ukiagiza iliyotoka nchi zenye sheria kali za moshi, inakuja na kichujio cha masizi. Kile kinajisafisha kikipata moto wa barabara ndefu. Gari letu linashinda linatambaa nyuma ya simba, saa nzima injini inazunguka taratibu tu. Hilo linaninyima raha.

Mzee aliniuliza, "Taa ya injini ikiwaka nikiwa Naabi, lango la Serengeti, nani ana skana ya kusoma kosa?" Nikakuna kichwa. Nimemwambia anunue gari moja jipya kwanza, lisilo na kichujio hicho, mikonga yake ya zamani asiiuze, na kila safari abebe filta 2 za dizeli.