Mgonjwa wa vali ya moyo wodini: maswali ya wanafunzi wa uuguzi na majibu yake

Mwanafunzi akiingia wodi ya magonjwa ya ndani, iwe Dar es Salaam, Mwanza, Kisumu au Kampala, hakawii kumkuta kijana wa miaka ishirini na kidogo aliyekaa kitandani ameegemea mito mitatu, anahema, miguu imevimba. Kwenye faili ameandikiwa furosemaidi, digoksini, wafarini, na sindano ya penisilini ya kila baada ya wiki tatu au nne. Wanafunzi wengi hukariri dawa hizo moja moja kwa ajili ya mtihani. Ningependa mzielewe kwa kuufuata moyo wenyewe, maana kila dawa pale ina sehemu ya moyo inayoieleza.

Mwalimu, kijana mdogo hivi amepataje ugonjwa wa moyo? Hana kisukari, hana presha.

Ulianzia kooni. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, anayeleta mafindofindo hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto asipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye kinga yake ya mwili inaweza kuushambulia mwili wenyewe. Hapo hupata homa na maumivu ya viungo vikubwa yanayohama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Maumivu ya viungo hupoa bila kuacha alama, na familia husahau. Vali za moyo, yaani milango midogo inayopitisha damu upande mmoja tu, hazisahau. Zinabaki na makovu, na kila maambukizi mapya ya koo yanaweza kuongeza kovu juu ya kovu.

Inaniuma kila ninapoufundisha ugonjwa huu, kwa sababu koo lile lilikuwa linatibika kwa penisilini, dawa ya bei ndogo. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu yake mwaka 2018, lakini mtu wa kwanza kumwona mtoto mwenye koo linalouma ni muuguzi wa zahanati. Usimrudishe nyumbani na panadoli tu bila kumwangalia koo.

Vali moja ikiharibika, kwa nini mapafu ndiyo yanayojaa maji?

Fuata njia ya damu. Damu iliyotumika huingia atiria ya kulia (chumba cha juu cha moyo), ikapita vali ya trikaspidi hadi ventrikali ya kulia (chumba cha chini), ikasukumwa mapafuni. Ikishapata oksijeni hurudi atiria ya kushoto, ikapita vali ya mitral hadi ventrikali ya kushoto, yenye ukuta mnene kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayosukuma damu mwili mzima.

Homa ya rumatiki hupiga zaidi vali ya mitral. Ikibana, damu inashindwa kushuka kwa wepesi. Ni kama lango la kivuko cha Kigamboni asubuhi: likifunguliwa nusu, msongamano hauishii langoni, unarudi nyuma mpaka barabarani. Damu inarundikana atiria ya kushoto, kisha kwenye mishipa inayotoka mapafuni, na majimaji yanaanza kuvujia kwenye vifuko vya hewa. Akilala chali hali inazidi, ndiyo maana ya ile mito mitatu. Baada ya muda, ventrikali ya kulia nayo inachoka kusukuma dhidi ya mgandamizo huo, na sasa mrundikano unahamia mwilini: shingo, ini, tumbo, miguu.

Nikimkaribia kitandani nianze na nini?

Anza na macho, mashine baadaye. Mwamkie na umsikilize anavyojibu: anamaliza sentensi, au anakata katikati kuvuta pumzi? Muulize analalia mito mingapi, na kama huamka usiku akitafuta hewa dirishani. Kwa wagonjwa wetu wenye ngozi nyeusi usitafute rangi ya buluu ya kukosa oksijeni kwenye ngozi ya uso. Mwombe atoe ulimi, kisha utazame ndani ya midomo na ufizi.

Mweke ameinuka nyuzi 45, utazame mshipa wa shingo upande wa kulia. Ukiwa umejaa na unaonekana juu sana, upande wa kulia wa moyo umezidiwa. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye muundi, uachie. Tundu likibaki, ni maji. Kwa mgonjwa aliyelala siku nyingi maji hayakai miguuni, yanashuka mgongoni juu ya makalio. Nimeona faili nyingi zimeandikwa "hana uvimbe" na hakuna aliyemgeuza mgonjwa.

Kisha stetoskopu. Kilele cha moyo kipo kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Sauti ya kwanza ni vali za mitral na trikaspidi zikifunga, ya pili ni vali ya aota na ya mapafu. Mvumo wa mitral iliyobana ni mzito na wa chini, hauji kirahisi: mgeuze alalie ubavu wa kushoto, tumia upande wa kengele, na omba redio ya wodi izimwe.

Presha: apumzike dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Wengi wa vijana hawa wamekonda. Kitambaa kikubwa kikifungwa kwenye mkono mwembamba kitasoma presha ya chini kuliko ilivyo, kama vile kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinavyosoma ya juu.

Kwa nini unasisitiza kuhesabu mapigo dakika nzima? Sekunde 15 mara nne si sawa?

Kwa moyo unaopiga kwa mpangilio, tofauti ni ndogo. Kwa huyu, hapana. Atiria yake ya kushoto imetanuka, na atiria iliyotanuka hupoteza mpangilio wa umeme wake. Inatetemeka badala ya kujikunja, na mapigo yanakuja ovyo: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu. Sekunde 15 zako zinaweza kuangukia kwenye kimya au kwenye mbio.

Tena baadhi ya mapigo ni dhaifu mno, hayafiki kwenye kifundo cha mkono. Hesabuni wawili kwa wakati mmoja, mmoja kwenye kilele cha moyo na mwingine mkononi. Mkipata 112 na 88, andikeni zote mbili, kwa maana mapigo 24 yaliyopotea njiani ni habari ambayo daktari anaihitaji.

Digoksini nayo inaingiaje hapa?

Inapunguza kasi ya umeme unaoshuka kutoka atiria kwenda ventrikali, ili ventrikali ipate muda wa kujaa kupitia ule mlango mwembamba. Asili yake ni mmea. Tabibu Mwingereza William Withering aliandika juu ya matumizi yake mwaka 1785, na tangu wakati huo ilijulikana kwamba kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kumpa, hesabu kwenye kilele cha moyo dakika nzima. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60 usimpe, mjulishe daktari. Muulize kama chakula kinamkinai, kama anatapika, kama taa anaziona zina duara la njano. Hizo ni dalili za sumu ya digoksini, na mgonjwa hatakwambia kuhusu taa usipomuuliza.

Na furosemaidi?

Inatoa maji kupitia figo, lakini potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, nayo hutoka. Potasiamu ikishuka, digoksini ileile ya jana inageuka sumu leo. Dawa hizi mbili usizisome mbalimbali. Ndizi mbivu, machungwa na madafu vina potasiamu, ila usimshauri ajaze mwili navyo kabla ya kipimo cha damu kuonyesha imeshuka na figo zake ni nzima.

Mpe asubuhi, asikeshe chooni. Mpime uzito kila siku kabla ya chai, mizani ileile, nguo nyepesi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo anayeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu hajanenepa. Ya mshipani ichomwe polepole, kwani ikisukumwa haraka inaweza kudhuru masikio.

Mgonjwa wa wafarini aache mchicha?

Asiache. Damu inayotuama kwenye atiria inayotetemeka huganda, na donge likiruka kwenda kwenye ubongo ni kiharusi. Wafarini inazuia hilo. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K inayoipunguza nguvu. Kinachovuruga ni kubadilika: wiki hii mboga kila mlo, wiki ijayo hakuna. Ale kiasi kilekile, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa kawaida kilengwe kati ya 2 na 3. Asinunue diklofenaki ya maumivu dukani, kwani ikichanganywa na wafarini inaweza kumtoa damu.

Sindano ya penisilini inauma sana. Wagonjwa wanakimbia.

Wanakimbia kweli, na wakikimbia homa inarudi. Benzathini penisilini, kwa mtu mzima uniti 1,200,000, iache kwanza ifikie joto la chumba. Uliza kuhusu mzio, adrenalini iwe karibu. Choma ndani kabisa ya msuli, vuta bomba kuhakikisha haupo kwenye mshipa, kisha isukume taratibu kwa dakika mbili au tatu. Kama anatumia wafarini, angalia INR ya karibuni kabla ya kuchoma, na ukandamize mahali hapo kwa muda baada ya kutoa sindano. Mwandikie tarehe ya kurudi kwenye kadi yake, na uhakikishe ameielewa.

Akiwa binti, akaniuliza kama anaweza kuzaa?

Usimjibu ndiyo wala hapana peke yako. Katika ujauzito kiasi cha damu huongezeka karibu nusu, na yote inalazimika kupita kwenye mlango uleule. Wafarini nayo inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Mpeleke kliniki ya moyo kabla hajashika mimba, na hadi atakapoonwa apewe uzazi wa mpango usio na homoni ya estrojeni, kwa kuwa estrojeni huongeza kuganda kwa damu.

Akiwa tayari ni mjamzito, ajifungulie hospitali kubwa. Saa chache baada ya kujifungua ni za hatari: damu iliyokuwa inakwenda kwenye mji wa mimba inarudi moyoni kwa pamoja. Kaa naye, hesabu pumzi, abaki ameinuliwa. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu isimtoke sana, apewe polepole kwa dripu, isisukumwe kwa mkupuo kwenye mshipa, na ergometrini, nyingine ya kazi hiyohiyo, asipewe.