Kutulia kwa mtoto huanza mapema kuliko balehe

Wazazi wanaonijia kulalamika kwamba mtoto amekuwa mvivu, mara nyingi mtoto mwenyewe ana miaka 13 au 14. Maelezo hayatofautiani sana: alipokuwa mdogo hakushikika, siku hizi akitoka shule ni kitanda na simu. Basi lawama zote huangukia simu na balehe. Mimi huuliza kwanza habari za darasa la pili na la tatu, na wengi hushangaa.

Hata sisi watafiti tuliamini kwa muda mrefu kwamba watoto huanza kutulia wakibalehe. Tulitegemea hojaji, na mtoto wa miaka 7 hajui hata kusoma saa vizuri, sembuse kukumbuka dakika alizokimbia jana. Ilipokuja akselerometa, kifaa kidogo kinachofungwa kiunoni na kurekodi mtikisiko wa mwili, picha ikabadilika. Huko Gateshead, kaskazini mashariki mwa Uingereza, watoto walipimwa hivyo na kufuatiliwa tangu miaka 7 hadi 15. Wavulana walianza na wastani wa dakika 75 hivi kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu ya kati au zaidi, wakafika 51. Wasichana walitoka 63 hadi 41. Muhimu zaidi ni kwamba mteremko ulikuwa umeshaanza tangu umri ule wa miaka 7, wala haukuongezeka kasi walipobalehe. (Kifaa hiki nacho kina upofu wake: anayeendesha baiskeli huonekana kama ametulia.)

Kwa nini mapema hivyo? Mtazame mtoto wa miaka 6 akiwa huru uwanjani. Anachomoka mbio, anasimama ghafla, anachuchumaa kuangalia mdudu, anachomoka tena. Mwaka 1995 watafiti Marekani waliwachunguza watoto wa miaka 6 hadi 10 kwa namna hiyo, sekunde kwa sekunde. Nusu ya michomoko mikali haikuzidi sekunde 3, na karibu yote iliisha kabla ya sekunde 15. Dakika za mtoto mdogo hujengwa kwa vipande hivyo, mamia kwa siku. Havihitaji kocha wala jezi. Vinahitaji nafasi, na mtu mzima asiyesema "tulia" kila mara.

Shule huvibana vipande hivyo taratibu. Masomo yanaongezeka, mapumziko yanafupishwa, na asiyemaliza kazi anaadhibiwa kwa kubaki darasani wenzake wakitoka, adhabu ambayo humwangukia hasa yule anayehitaji kutoka kuliko wote. Kipindi cha michezo kinatarajiwa kufidia, lakini hesabu ni ngumu: ukitoa muda wa kubadili nguo, kupanga mstari na kungoja zamu ya mpira mmoja, wengi wanakuwa wamesimama sehemu kubwa ya kipindi.

Kisha unakuja mchujo wa timu. Mtoto wa chekechea anaweza kufika wa mwisho na kukuambia ameshinda, na anaamini hivyo. Kufikia miaka 8 hivi anaanza kujilinganisha na wenzake na kujua kweli yuko wapi. Wakati huohuo walimu wanachagua wachezaji, na mara nyingi wanachagua umri wakidhani ni kipaji. Katika darasa moja, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili anaweza kumzidi mwenzake miezi 11, na kwa mtoto wa miaka 8 hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya maisha yake yote. Mdogo anaachwa, anajiona hawezi, anakaa pembeni akiangalia.

Balehe nayo ina uzito wake, hasa kwa wasichana. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani wa takwimu hadi 2016, kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi dakika 60 za kujishughulisha kwa siku zinazopendekezwa: wasichana 85, wavulana 78. Hedhi bila choo cha maana shuleni, kaptura wasizozitaka, macho ya wavulana pembeni mwa uwanja. Binti hahitaji sababu nyingine. Na hii ndiyo miaka ambayo mifupa inajijenga kwa kasi: takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili hivi ya kilele cha kurefuka.

Kwa hiyo nikiitwa shuleni, siulizi kwanza kuhusu kombe. Naomba ratiba nione mapumziko ya madarasa ya chini, naomba mipira midogo kumi badala ya mmoja wa gharama, na naomba wasichana waulizwe wangependa kucheza wamevaa nini. Kwa mzazi wa yule wa miaka 14, ushauri wangu ni asimrudishe kwenye mchezo uliomkataa. Kutembea kwenda shule kunahesabika, dansi chumbani inahesabika, na dakika 60 kwa siku ni wastani wa wiki nzima, tena zinaweza kukusanywa kidogo kidogo.