Kila Aliye Hai Ana Presha

"Mama, una presha?"

"Hapana, mwanangu, sina. Namshukuru Mungu."

Kaa nusu saa kwenye benchi la zahanati yoyote ya Dar es Salaam, kati ya Mbagala na Tegeta, utayasikia maneno haya zaidi ya mara moja. Mgonjwa ana haki ya kuyasema. Kinachokera ni kuyasikia kwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, aliyevaa sare mpya na kalamu mfukoni, tena yeye ndiye anayeuliza. Asiye na presha ni maiti. Swali lililomfaa mama yule lilikuwa jingine kabisa.

Presha ni nguvu ambayo damu inazisukuma nayo kuta za mishipa inayotoka kwenye moyo. Hupimwa kwa namba mbili. Ya juu ni ya wakati moyo unakamua, ya chini ni ya wakati moyo umelegea na unajaa tena. Basi. Ni kipimo, sawa na joto, mapigo ya moyo na kasi ya kupumua, vile vipimo vinne ambavyo mwanafunzi wa uuguzi wa NTA ngazi ya 4, yaani mwaka wa kwanza, hufundishwa kabla hata ya kuruhusiwa kushika sindano. Maana yenyewe inaishia hapo. Matata yako kwenye jina.

Tazama vile vingine vitatu. Hakuna anayesema "jirani yangu ana joto" akimaanisha anaumwa. Joto likizidi lina jina lake, homa, na kila mtu anajua tofauti. Hakuna anayesema "baba ana mapigo". Ukisema mtu "ana moyo" umemsifu. Lakini "ana presha" imekuwa hukumu. Katika vipimo vyote vinne ni hiki kimoja tu kilichogeuka jina la ugonjwa, na pacha wake ni sukari: "ana sukari na presha", kana kwamba sisi wengine damu yetu haina sukari hata chembe.

Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiingereza, na tumelizoea hadi limepata kazi nyingine: usinipe presha, presha ya mtihani, presha ya Simba na Yanga. Wanaolikwepa kwa kuona ni la mtaani hukimbilia "shinikizo la damu". Neno zuri sana hilo, na linastahili kufunguliwa. Shinikizo ni chombo cha kukamulia: kinu cha mafuta, mtambo wa kubana miwa. Jamaa zake ni shindika na sindika, ndiyo maana anayekamua alizeti anaitwa msindikaji. Zanzibar palikuwa na vinu vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akizunguka kutwa huku ufuta na nazi vikitoa mafuta. Baadaye neno likahamia kwenye siasa, tukapata makundi ya shinikizo, na kwenye tiba tukapata shinikizo la damu. Kwa kweli lilifika mahali pake, maana moyo unafanya kazi ileile ya kinu: unabana, kilichomo kinatoka kwa nguvu, unaachia, unabana tena.

Kwa hiyo shinikizo la damu ni mbano wa damu. Si ugonjwa. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, presha ya juu, na hilo neno "juu" ndilo linalobeba maana yote. Anayesema "mgonjwa huyu ana shinikizo la damu" amekosea kosa lilelile la yule wa benchi, ila amelivalisha suti.

Kosa hili lingekuwa la wapenda lugha peke yao kama lisingezaa jingine. Presha ilipokuwa ugonjwa, ikabidi kuwe na aina, nasi tukazigawa mbili: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Watu wanazitaja kama timu, kila mtu na yake. Ukweli ni kwamba presha ya kila mmoja wetu hupanda na kushuka mchana na usiku. Usingizini hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, alfajiri huanza kupanda, ukikimbilia mwendokasi inapanda, ukiketi inarudi. Kupanda na kushuka ni tabia yake. Ugonjwa ni pale inapokataa kurudi chini, ikabaki juu hata mtu akiwa ametulia.

Kinachoitwa "presha ya kushuka" mara nyingi ni kizunguzungu cha mtu aliyesimama ghafla. Hilo nalo lina kipimo: mtu akisimama, ndani ya dakika 3 namba ya juu ikashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi imeshuka kweli, na kazi ni kutafuta sababu. Ameharisha? Ametapika? Anavuja damu? Ameanza dawa gani? Bila kutafuta sababu, kumpa soda na kipande cha chumvi ni kubahatisha. Na binti mwembamba mwenye 96 kwa 60 anayekula, anayefanya kazi zake na asiyesikia lolote hana ugonjwa wa kushuka wala wa kupanda.

Hasara kubwa ya mgawanyo huu iko kwa anayetumia dawa. Alikuwa 170 kwa 100, ameandikiwa vidonge, baada ya miezi miwili anapimwa anakutwa 126 kwa 78. Mtaani anaambiwa, "Yako sasa imekuwa ya kushuka, acha dawa." Anaacha. Namba ile ilishuka kwa sababu ya dawa, na dawa ikiondoka, nayo inarudi ilikotoka.

Upo pia mchanganyo wa presha na mawazo, na hapo ndipo zile "usinipe presha" zinapotuponza. Hasira na hofu huipandisha kwa muda, ni kweli. Lakini mtu mpole, asiye na madeni wala ugomvi, anaweza kuwa na 160 kwa 100 miaka mitano asijue, kwa kuwa presha ya juu kwa kawaida haina dalili. "Nasikia presha imepanda" mara nyingi maana yake ni kwamba moyo unaenda mbio, na hayo ni mapigo, kipimo kingine, safu nyingine kwenye karatasi. Presha haisikiki mwilini. Inapimwa.

Na inapimwa kwa zebaki, hata pale ambapo zebaki yenyewe imeondolewa. Mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alieleza jinsi alivyounganisha bomba la kioo na mshipa wa farasi jike, damu ikapanda ndani yake kiasi cha mita 2.5. Kipimo cha urefu huo hakibebeki wodini. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6 hivi, kwa hiyo nguvu ileile inaisukuma kimo kifupi zaidi. Namba 120 ni milimita 120 za zebaki. Kwa maji ingehitaji bomba la sentimita 163, kimo cha mtu mzima. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akatengeneza mfuko wa hewa wa kufunga mkononi, na mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia kwenye kiwiko, damu yenyewe itakuambia namba zote mbili kwa sauti. Mashine za mshale na za betri tunazotumia leo bado zinahesabu kwa milimita hizohizo. Kwa hiyo "120 kwa 80" si sehemu wala asilimia, na hakuna kinachogawanywa. Ni vimo viwili vya zebaki.

Sasa kupima kwenyewe, maana hapa ndipo namba za uongo zinapozaliwa. Mpimwa aketi dakika 5 kwanza. Asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa au kufanya kazi ya nguvu katika nusu saa iliyopita, na kibofu kisiwe kimejaa. Mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini, miguu isipishane. Mkono uwe wazi, usipimwe juu ya sweta wala kwa kukunja shati hadi likabana, na uegemezwe mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8 kwenye namba. Hiyo ni fizikia tu, ni uzito wa damu yenyewe. Halafu kimya, mpimwa na mpimaji. Wauguzi wengi huuliza historia yote ya ugonjwa huku mashine inajaza, na kuongea peke yake kunapandisha namba.

Kafu, yaani ule mkanda wa kufunga mkononi, ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Mfuko wa mpira ulio ndani yake uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Ukimfunga mama mnene kafu ya mkono mwembamba, namba itatoka juu kuliko ilivyo, naye ataondoka na vidonge asivyovihitaji. Ukingo wa chini wa kafu ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, na katikati ya mfuko pakae juu ya mshipa unaodunda upande wa ndani.

Kwa mashine ya mshale au ya zebaki, kuna hatua ambayo wanafunzi huiruka wakidhani ni urembo. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza hewa hadi yapotee, ikumbuke namba ile, toa hewa yote, subiri kama nusu dakika. Ndipo uweke kifaa cha kusikilizia, ujaze tena hadi 30 juu ya namba ile. Kwa nini? Kwa sababu baadhi ya watu, hasa wazee wenye presha ya juu, wana pengo la ukimya: sauti inaanza kwenye 190, inapotea kwenye 170, inarudi kwenye 145. Aliyejaza hadi 160 "kwa mazoea" atasikia mwanzo kwenye 145 na kumwambia mzee yuko karibu sawa. Kidole kwenye kifundo hakidanganywi na pengo hilo.

Hewa itoke taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Mlio wa kwanza ni namba ya juu, sauti ikizimika kabisa ni ya chini. Geji ina mistari ya 2, 2, kwa hiyo namba inayosomwa kwa macho huishia na 0, 2, 4, 6 au 8. Ukiona chati ya wodi ambayo kila mgonjwa ni 120/80, 130/80, 110/70, hapo hakuna wodi yenye afya, yupo mtu aliyechoka. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na baadaye ufuate ule wenye namba kubwa.

Ukishayajua haya, yule kijana wa Kariakoo mwenye mashine ya betri na mzani wa uzito unamwona kwa jicho jingine. Mashine yake huenda ni nzima. Ila mteja ameshuka sasa hivi kwenye daladala, amevuka barabara mbio kwenye jua la saa saba, amesimama, mkono unaning'inia, anajibu simu. Namba inayotoka pale ni ya kweli kwa dakika ile, na haithibitishi ugonjwa. Kinachothibitisha ni 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, katika siku mbili tofauti, amepimwa kwa utulivu. Wapo wasiosubiri siku ya pili: mwenye 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, na mjamzito aliyevuka wiki 20 mwenye 140 kwa 90 na kichwa kinachogonga au macho yanayoona ukungu. Huyo wa mwisho yuko kwenye njia ya kifafa cha mimba. Wote wawili wapelekwe hospitali leo hii.

Kwa wengine wote, mtu akikuambia "nina presha", hakuna haja ya kumcheka wala kumsahihisha mbele za watu. Muulize: ngapi kwa ngapi, lini, ulikuwa umeketi? Wengi hawatakuwa na jibu, wataishia "waliniambia iko juu". Na mwanafunzi akifika kwa yule mama wa benchi aseme, "Shikamoo mama, uliwahi kuambiwa presha yako iko juu? Unatumia dawa yoyote?" Kisha akae kimya dakika 5, apime, na kwenye safu ya presha asiandike "anayo", "hana" wala "kawaida". Aandike: 148/92, mkono wa kulia, ameketi, saa 3:40 asubuhi, irudiwe.